Siku Nilipojifanya Mpambe Wangu Mwenyewe

Wiki iliyopita niliwaacha Kibuye, dukani kwa mpishi wa keki, kidole changu kikiwa kimezama chote ndani ya ghorofa ya tatu ya keki yangu ya harusi. Ndani hamkuwa na keki. Mlikuwa na boksi.

Mgeni wa hadithi hii nimkaribishe upesi. Naitwa Sendagire, nauza mbao Ndeeba, na nataka kuoa. Yote yaliyonipata yametokana na hilo la mwisho. Suti yangu ilikwenda kwa fundi, fundi akahama nayo. Ukumbi tulioukodi ukageuzwa kanisa, na mchungaji wake akanialika niende nikaokoke. Sasa ilikuwa zamu ya keki.

"Boksi ni kawaida, sebo," mpishi aliniambia, huku akiziba tundu la kidole changu kwa sukari. "Watu wanakula kwa macho. Keki yenyewe ni ghorofa ya chini."

"Na hiyo ya chini ni yangu?"

"Ni yako. Ila kwanza itapitia harusi nyingine mbili siku hiyohiyo. Nimewaomba wakate kidogo tu."

Yaliyofuata siyaandiki, gazeti hili linasomwa na watoto. Nilitoka pale bila keki, na mgongoni mwa shati nina alama ya mwiko.

Nikaenda kumweleza mchumba wangu, Nantume, ambaye anakaa kwa shangazi yake. Katika ukoo wao wote nilikuwa namjua huyo shangazi tu. Baba yake Nantume yuko Masaka, na Masaka nilikuwa sijaitwa mpaka siku ya utambulisho, ya kujitambulisha kwa wazazi, mwezi ujao.

Nantume hakucheka wala hakulia.

"Kuna Nalongo mmoja Nateete," akasema. "Nyuma ya soko, mlango wa buluu. Yeye anaoka keki ya kweli."

Nalongo ni jina la kila mama aliyezaa mapacha, na Kampala mapacha hawajawahi kuadimika. Jina lile halikuniambia kitu.

"Nitakwenda kesho," nikasema.

"Wewe usiende. Mtume Zimbe."

Zimbe ndiye mpambe wangu, atakayesimama nami kanisani. Ni rafiki wa tangu utotoni na nampenda, lakini tulipomtuma kuulizia pete alirudi na redio.

"Zimbe hajui keki, Nantume."

"Wewe unajua? Si umeleta boksi? Mtume Zimbe. Huko si kwa kwenda wewe."

"Kwa nini?"

"Sendagire, mambo mengine hayaulizwi. Mtume tu mtu."

Pale ndipo nilipokosea. Nilidhani ananidharau. Nilidhani ananiona mtu wa mbao asiyejua kitu laini. Nikaondoka nimenuna, na asubuhi yake, badala ya kumpigia Zimbe, nikavaa shati safi nikaenda Nateete mwenyewe.

Mlango wa buluu ulikuwa wazi. Ndani, harufu ya tangawizi na siagi. Mama mmoja mnene, gomesi yake, lile gauni refu la Kiganda, ameifunga juu kidogo isiguse unga, alikuwa anachungulia ndani ya oveni. Akageuka, akanitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Wewe ndiye Zimbe?"

Kumbe Nantume alishampigia mama huyu kwamba Zimbe atakuja. Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa na pumzi, nilikuwa na ulimi, wala hakuna aliyenishikia panga.

"Ndiye mimi, nyabo," nikasema.

"Na bwana harusi hukuja naye?"

"Hapana. Yuko Ndeeba, anauza mbao."

Hakutosheka. Alitoka mpaka mlangoni, akatazama barabara huku na huku, akarudi.

"Abaki hukohuko," akasema. "Kaa."

Nikakaa. Akaleta sahani yenye vipande vya keki za kila rangi, akavuta kiti akakaa karibu yangu, goti kwa goti. Nikanyoosha mkono, akaupiga kibao.

"Mkono una vanishi huo! Na wewe unauza mbao?"

"Namsaidia rafiki yangu siku mojamoja."

"Basi usiniguse keki. Fungua mdomo."

Nikafungua. Akanilisha kwa vidole vyake, kama mtoto anayeachishwa ziwa. Kwanza ya ndimu, halafu ya ndizi mbivu, halafu moja nyeusi yenye zabibu na tangawizi. Hii ya mwisho ilinifanya nifumbe macho.

"Ghorofa ngapi?" akauliza.

"Kamati imesema tano. Na mwenyekiti anataka katikati kuwe na chemchemi ya maji."

"Mwenyekiti anaoa?"

"Haoi."

"Basi maji akanywe kwake. Nitaoka tatu, na zote zitalika. Bwana harusi anapenda ipi?"

"Hii ya tangawizi."

"Sikukuuliza wewe."

"Yeye pia. Tunapenda vitu vilevile."

Akanifuta sukari kidevuni kwa kidole gumba. Nilikuwa nimestarehe, niseme ukweli. Tangu mambo ya harusi yaanze, huyu alikuwa mtu wa kwanza aliyenihudumia bila kunigombeza. Kisha akaweka sahani chini.

"Zimbe, mwanangu. Huyu rafiki yako ni mtu wa namna gani?"

"Mzuri tu."

"Mzuri tu ni jibu la kuuzia gari. Anampenda huyo binti?"

"Anampenda."

"Umejuaje?"

Ni vigumu kujisifu kwa jina la mtu mwingine, lakini nilijitahidi. "Nantume hapendi harufu ya vanishi," nikasema. "Sendagire hatoki dukani kwenda kumwona bila kuoga kwanza. Anaogea uani, kwenye pipa, mvua inyeshe isinyeshe. Wapasua mbao wanamcheka na haachi."

Mama akatikisa kichwa polepole. Nikaona jibu limempendeza.

"Mimi niliuliza jambo moja tu juu yake," akasema. "Niliuliza kama ni mwongo. Niliolewa na mwongo, namjua mwongo hata akiwa anakohoa. Nikaambiwa huyu si mwongo. Nikasema, basi, hata angekuwa na jicho moja."

Nikaitazama sahani.

"Lakini kuna kitu kinanikera," akaendelea. "Suti imepotea. Ukumbi umepotea. Keki imekuwa boksi. Mtu anayekitaka kitu, hakimponyoki kila mara. Ana nini huyu?"

Hapo sasa ndugu zangu, sijui ni tangawizi, sijui ni vile mama yule alivyonikazia macho. Nilikuwa nimekuja na uongo mmoja, na mlemle ndani ya uongo ukanitoka ukweli ambao sikuwahi kumwambia mtu. Zimbe mwenyewe hakuujua.

"Nikikuambia siri ya rafiki yangu, nyabo, itabaki hapa?"

"Oveni haisemi, na mimi pia."

"Kila kitu cha harusi kikiharibika, analala usingizi mzuri."

"Hamtaki?"

"Anamtaka mpaka anaumwa. Anaogopa tu. Sasa hivi kuna kamati, kuna suti, kuna keki, kila mtu anatazama hayo. Yakiisha, wageni wakiondoka, atabaki yeye peke yake mbele ya Nantume. Anaogopa Nantume atamtazama vizuri, aone kwamba alichoolewa nacho ni muuza mbao tu, na hakuna kingine nyuma yake. Kwa hiyo ukumbi ulipopotea alihuzunika mbele za watu. Akifika nyumbani akavua viatu, akashukuru."

Nilipomaliza nikaona aibu, kisha nikaona nafuu, kisha nikakumbuka kwamba mimi ni Zimbe.

Yule mama macho yalikuwa yamemlowa. Akauchukua mkono wangu, huu wa kulia wenye vanishi, akauweka katikati ya viganja vyake viwili vyenye sukari, akaubana.

"Mwongo haogopi kutazamwa," akasema. "Mwongo anaogopa kushikwa. Huyo ni mtu. Asante, mwanangu. Sasa naweza kuoka kwa moyo mmoja. Nantume ni binti yangu."

Nilisikia vizuri, ila nilitaka kusikia tofauti.

"Binti yako wa kanisani?"

"Wa tumboni. Kifungua mimba wangu, kabla ya wale mapacha."

Kwetu Buganda, mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Hampi mkono, hali naye sahani moja, hakai naye chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja wao anaingia migombani mpaka mwenzake apite. Anayevunja mwiko huo anapatwa na obuko: mikono inaanza kutetemeka, na inatetemeka mpaka siku anapokufa ikakunjwa kifuani mwake. Baba yangu mdogo Lubowa hajainua kikombe chake mwenyewe tangu nikiwa mdogo. Yeye alimwokoa mama mkwe wake asianguke ngazi, na kila mtu anasema angemwacha tu.

Mimi nilikuwa nimelishwa kwa mkono. Nilikuwa nimefutwa kidevu. Tulikuwa goti kwa goti, na mkono wangu ulikuwa ndani ya viganja vya mama mkwe wangu kama soseji ndani ya mkate.

"Nilidhani mama yake yuko Masaka," nikasema.

"Aliye Masaka ni mke mwenzangu. Mimi niliondoka nikaja huku na oveni moja. Mzee hajanisamehe, na siku ya utambulisho kizingiti cha nyumba yake sitakivuka, wala harusini sitakaribishwa. Nantume alilia sana. Nikamwambia, usilie. Mimi wakinifungia mlango, keki itaingia."

"Keki?"

"Si unajua desturi yetu ya harusini? Bibi harusi anapiga magoti anampa mama yake kipande cha keki mbele ya wote. Atakayekaa kwenye kiti cha mama ni yule wa Masaka. Basi akae. Apokee, ale, ashangiliwe. Lakini atakuwa anakula mkono wangu, na binti yangu atakuwa anajua." Akacheka kidogo, akafuta jicho kwa bega, maana mkono wangu hakuuachia. "Kwa hiyo unaona, Zimbe, hii siyo keki ya biashara. Sina njia nyingine ya kuwa pale."

Moyo uliniuma. Nilimhurumia yule mama, nikamhurumia Nantume, na nikatamani niwe Zimbe kweli, redio yake na kila kitu chake.

Nikajaribu kuuvuta mkono taratibu. Sukari ilikuwa imeshaanza kukauka, umenata.

"Mbona unavuta? Wewe si mkwe, wewe mpambe. Wewe naweza kukushika," akasema kwa furaha. "Mkwe wangu sijamwona hata kwenye picha. Nantume alitaka kunionyesha kwenye simu, nikafumba macho. Nitamwona siku ya harusi, kwa mbali, akitoka kanisani. Nitakaa kule ng'ambo ya barabara."

Nikaiona siku hiyo. Niliona milango ya kanisa ikifunguliwa, Nantume anatoka na gauni lake, na pembeni yake ndani ya suti ya bwana harusi, anatoka Zimbe wa mlango wa buluu. Na Nalongo yuko ng'ambo ya barabara, macho wazi.

Nikaamua kusema. Nawaapia wasomaji, nilikuwa nimeamua. Nilivuta pumzi, nikasema, "Nyabo, kuna jambo," naye akanitilia kipande kingine cha tangawizi mdomoni.

Bodaboda ikasimama nje.

"Hodi hapa! Nalongo!" Mtu akaingia akihema, kofia ya pikipiki mkononi. "Samahani nyabo, nimechelewa. Binti yako amenipigia kuniuliza kama nimeshakuja, nami hakuna aliyeniambia kitu. Mimi ndiye Zimbe, mpambe wa bwana harusi."

Kisha akaniona. Uso ukamng'aa, maana Zimbe ni mtu anayefurahi upesi.

"He! Sendagire! Kumbe bwana harusi umeshafika mwenyewe!"

Nalongo aliuachia mkono wangu kama mtu aliyeshika sufuria bila kitambaa. Akainuka, akanipa mgongo, akachukua taulo la jikoni akajifunika kichwa mpaka puani. Akabaki anatazama oveni. Chumba kile ni kidogo, hakuna migomba, na mlango ni mmoja, nao ulikuwa umejaa Zimbe.

Oveni ililia kengele yake, hakuna aliyeigusa.

"Wewe uliyeingia," Nalongo akasema kutoka ndani ya taulo. "Una kitambulisho?"

"Ninacho, nyabo."

"Kilete."

Zimbe akakipitisha pembeni yake. Nalongo akakisoma chini ya taulo, akakirudisha.

"Zimbe wa kweli," akasema. "Sasa nisaidie. Kuna mtu nyuma yangu ambaye mimi siwezi kusema naye. Muulize jina lake."

Zimbe akanigeukia, uso mzito kama karani wa mahakama. "Anauliza jina lako."

"Nimesikia."

"Amesikia, nyabo."

"Sikuuliza kama ana masikio."

"Sendagire," nikasema.

"Anasema ni Sendagire, nyabo. Nami namjua, ni yeye."

Taulo likatikisika. "Mwambie nilimlisha kwa mkono wangu. Mwambie nilimwita mwanangu. Mwambie, jambo moja tu nililouliza juu yake..." Akashindwa kumalizia. Zimbe akafungua mdomo awasilishe, nikamtolea macho, akaufunga.

"Nyabo, nisamehe," nikaanza.

"Mwambie asiseme na mimi! Aseme na wewe!"

"Sema na mimi," Zimbe akanishauri.

"Zimbe, mwambie nilikosea. Mwambie nilidharau nilichoambiwa. Mwambie sikujua ni nani."

"Yote hayo nimeyasikia," Nalongo akasema kabla Zimbe hajaanza. "Muulize kitu kimoja tu, kisha niamue kama naoka au naizima hii oveni. Ameniambia siri leo. Kwamba kila kitu cha harusi ya binti yangu kikiharibika, bwana harusi analala usingizi mzuri. Muulize, hilo nalo lilikuwa uongo kama jina lake? Au hilo ndilo lililokuwa kweli?"

Nikaliona lilivyo. Nikisema lilikuwa uongo, nimemwongopea mara mbili kwa siku moja, na keki hakuna, na yeye harusini hatakuwepo hata kwa kipande. Nikisema lilikuwa kweli, basi kweli ni hiyo, imeshasemwa mbele ya shahidi.

Nikautazama mkono wangu uliokuwa umeshikwa, wenye ganda la sukari. Nilikuwa naungoja utetemeke. Ulikuwa umetulia tuli. Uliokuwa unatetemeka ni wa Nalongo, juu ya mpini wa oveni, na yeye mwenyewe alikuwa anautazama.

Nikamgeukia Zimbe aniulize, nipate japo muda wa swali kurudiwa. Zimbe hakuuliza. Alikuwa amesogea pembeni, anatazama chini.

Kumbe bodaboda ilibeba wawili; baada ya ile simu Zimbe alikuwa amempitia mtu njiani. Nantume alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa pale tangu lini, lakini binti wa kwetu akimkuta mama yake anapiga magoti kwanza, na yeye hakuwa amepiga magoti, maana swali la mama yake alikuwa amelisikia.

"Usimjibu mama," akasema. "Nijibu mimi."